Namba moja ya simu kwa wanachama 40: 2147483647 ni namba gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Nimetengeneza mfumo mdogo wa kutunza taarifa za kikundi cha mama cha kuweka na kukopa. Mchana niliingiza wanachama 40 pamoja na namba zao za simu, nikianza na 255 kama inavyotakiwa. Jioni nilipofungua orodha, wote wana namba moja: 2147483647. Nimeitafuta kwenye intaneti, nikakuta wengine wanasema ni namba tasa, wengine wanasema ndiyo mwisho wa kompyuta, wengine wanaitaja pamoja na mwaka 2038. Ni namba gani hii? Na kama kweli ni tasa, mtu anajuaje bila kuigawanya kwa kila kitu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole na hao wanachama 40. Hujarogwa, na wala si wewe wa kwanza. Namba hiyo imejaa kwenye hifadhidata za watu dunia nzima, ikiwa imekaa mahali pa namba za simu.

Nianze na kilichokuuma. Ulipotengeneza jedwali, safu ya simu uliipa aina ya namba kamili ya kawaida, ile inayoandikwa INT. Aina hiyo ina nafasi 32, na kila nafasi inabeba 0 au 1 tu. Nafasi moja inatumika kuonyesha kama namba ni hasi au chanya, kwa hiyo zinabaki 31. Ukizijaza zote 31 kwa moja, umefika darini: 2147483647, yaani bilioni mbili na milioni mia moja arobaini na ushee. Sasa namba ya simu yenye 255 mbele na tarakimu tisa nyuma, ukiisoma kama namba, ni zaidi ya bilioni 255. Haiingii hata kwa kusukuma. MySQL, programu ya kutunza hifadhidata, ikiwa kwenye mpangilio usio mkali haikatai. Inaandika namba kubwa kuliko zote inazoweza kubeba, inatoa onyo ambalo pengine hukulisoma, kisha inaendelea na kazi. Ukiiwasha kwa mpangilio mkali, itakugomea palepale, na hiyo ndiyo nafuu.

Dawa yake ni kuibadilisha safu iwe ya maandishi, VARCHAR. Namba ya simu hutaijumlisha na nyingine wala kuitafutia wastani. Tena ukiiweka kama namba na kuianza na 0 badala ya 255, itaingia bila ugomvi lakini sifuri ya mbele itapotea, na utakuja kushangaa mbona simu haziiti.

Tuje kwenye namba yenyewe, maana umeuliza swali zuri kuliko ulivyodhani.

Chukua nafasi tatu badala ya 31. Ukizijaza moja zote, unapata 1 + 2 + 4 = 7, ambayo ni 8 kutoa 1. Nafasi tano: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 = 31, ambayo ni 32 kutoa 1. Ni kama mita ya kilometa kwenye gari ikisoma 999999: imebaki moja tu izunguke. Namba yako ni hivyohivyo, nafasi 31 zilizojaa, kwa hiyo ni 2³¹ − 1. Shika umbo hilo, kwa sababu karibu kila sifa ya namba hii inatoka hapo.

Ni tasa? Ndiyo. Haina kigawo isipokuwa 1 na yenyewe. Lakini usifanye haraka kusema "bila shaka, kwa kuwa 31 nayo ni tasa". Kidato cha tatu nilikuwa nawategea mtego huohuo kila mwaka: 2¹¹ − 1 ni 2047, na 11 ni tasa, je, 2047 ni tasa? Darasa karibu lote lilikuwa linaitikia ndiyo. Jibu ni 23 × 89. Kipeo kikiwa si tasa, namba nayo haiwezi kuwa tasa, hilo ni la uhakika. Kipeo kikiwa tasa, bado hujaahidiwa kitu.

Namba za umbo hili zinaitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Alisema vipeo vinavyotoa namba tasa, hadi 257, ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kwa 67 na 257 alikosea, na aliruka 61, 89 na 107. Kwa 31 alipatia, ila hakuonyesha uthibitisho. Tulisubiri hadi mwaka 1772, ilipochapwa barua ya mwanahisabati Leonhard Euler kwa mwenzake Bernoulli. Wakati huo Euler alikuwa Saint Petersburg, karibu kipofu kabisa, na hesabu zake nyingi alikuwa akizifanya kichwani na kuwasomea wasaidizi waandike.

Njia ya kawaida unaijua tangu shule ya msingi: gawanya kwa namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba yako. Kipeuo cha pili cha 2147483647 ni 46340 na kidogo. Chini ya hapo kuna namba tasa 4792. Mtu mvumilivu anaweza, lakini atazeeka vibaya. Euler hakugawanya mara 4792. Alijiuliza kwanza: kama ingekuwa na kigawo, kigawo hicho kingefananaje?

Hapa nenda nami polepole, ndiyo sehemu tamu.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawanya 2³¹ − 1 bila baki. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila mara chukua baki tu baada ya kugawanya kwa p. Mabaki hayo yatazunguka kama mshale wa saa na kurudi kwenye 1. Kwa kuwa p inaigawanya 2³¹ − 1, hatua 31 zinakurudisha kwenye 1. Mzunguko mmoja una hatua ngapi? Lazima idadi hiyo iigawanye 31, na 31 ni tasa, kwa hiyo ni hatua 1 au hatua 31. Hatua moja haiwezekani, maana ingemaanisha 2 na 1 zina baki sawa. Kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 31 kamili. Lakini mwanahisabati Fermat alishatuambia kwamba hatua p − 1 nazo lazima zikurudishe kwenye 1. Basi p − 1 ni kigawe cha 31, yaani inagawanyika kwa 31 bila baki. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa, kwa hiyo ni kigawe cha 62.

Rudi kwenye mtego wangu wa 2047 uone kwamba sikudanganyi: 23 ni 22 + 1, na 89 ni 88 + 1. Vyote viwili ni kigawe cha 11 ukiongeza moja.

Kuna kichujio kingine. Ikiwa 2³¹ inaacha baki 1, basi 2³² inaacha baki 2. Lakini 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Kumbe kwa macho ya p, namba 2 yenyewe ni kipeo cha pili cha kitu fulani, na jambo hilo hutokea pale tu ambapo p ikigawanywa kwa 8 inaacha baki 1 au 7. Unganisha vichujio viwili, utabaki na maumbo mawili tu: 248n + 1 na 248n + 63. Kuanzia mwanzo hadi 46340, ukiiacha 63 ambayo inagawanyika kwa 3, zipo namba 372 za aina hiyo. Nazo si zote tasa. Ukiwaondoa wasio tasa, waliobaki hawafiki mia.

Tuwaite mmoja mmoja. 249 inagawanyika kwa 3, nje. 311 ni tasa, abaki. 497 ni 7 × 71, nje. 559 ni 13 × 43, nje. 745 inaishia na 5. 807 na 993 zinagawanyika kwa 3. 1055 inaishia na 5. 1241 ni 17 × 73. Halafu 1303, tasa. Unaona? Tumepita elfu moja na tumekutana na watahiniwa wawili tu.

Tumpime huyo wa kwanza, 311, na wala hatuhitaji kugawanya namba ndefu. 2¹⁰ ni 1024. Toa 933, ambayo ni 311 × 3, inabaki 91. Kwa hiyo 2²⁰ ni 91 × 91 = 8281; toa 311 × 26, ambayo ni 8086, inabaki 195. 2³⁰ ni 195 × 91 = 17745; toa 311 × 57, ambayo ni 17727, inabaki 18. 2³¹ ni mara mbili ya hiyo, 36. Toa moja: 35. Baki ni 35, si sifuri, kwa hiyo 311 haiigawanyi namba yako. Nyuma ya karatasi ya mtihani panatosha. Euler alifanya kazi ya namna hiyo kwa wote waliobaki, na wote wakashindwa. Ndipo 2147483647 ikawa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, na ikakaa kwenye kiti hicho kwa miongo mingi.

Siku hizi tuna njia fupi zaidi kwa namba za umbo hili, iliyoanzishwa na Lucas na kunyooshwa na Lehmer. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba kwa yenyewe, toa 2, chukua baki. Kwa kipeo 5, ambako namba ni 31: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194, baki yake 8, 8 inazaa 62, na 62 ikigawanywa kwa 31 haiachi kitu. Umefika sifuri, basi 31 ni tasa. Hatua ni pungufu ya kipeo kwa mbili. Kwa namba yako ni hatua 29 tu. Lucas mwenyewe mwaka 1876 aliithibitisha 2¹²⁷ − 1, namba ya tarakimu 39, bila mashine. Na hadi leo kipimo hiki kina kazi: namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, yenye kipeo 136279841 na tarakimu zaidi ya milioni 41, ni ya ukoo huuhuu.

Kuna Mwingereza aitwaye Peter Barlow ambaye huwa namkumbuka nikifika hapa. Kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba kamilifu, yaani namba ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Namba yako ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata 2305843008139952128, namba kamilifu ya nane. Mwaka 1811 Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa sababu namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, kwa hiyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Simcheki sana. Kwa mwaka ule, kwa kalamu na mshumaa, nani angekubali kujisumbua? Lakini mzazi wa namba hiyo kamilifu ndiye sasa amekaa ndani ya simu yako, na ndiye aliyekula namba za wanachama wa mama yako.

Hapo lazima nikukanye kidogo. Waliotengeneza kompyuta hawakuichagua 2147483647 kwa kuwa ni tasa. Walichagua nafasi 32 kwa sababu zao za umeme na kumbukumbu, na 31 iliyobaki ikatokea kuwa kipeo chenye bahati. Ushahidi ni ndugu zake. Ukitumia nafasi zote 32 bila alama ya hasi, dari inakuwa 4294967295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Ukihamia nafasi 64, dari ni 2⁶³ − 1, yaani 9223372036854775807. Na kwa kuwa 63 inagawanyika kwa 3 na kwa 7, basi namba hiyo inagawanyika kwa 2³ − 1 na 2⁷ − 1, yaani 7 na 127. Huko kwenye nafasi 64 ndiko YouTube walikohamia mwaka 2014, baada ya video moja ya muziki kutoka Korea Kusini kutazamwa hadi ikaikaribia dari ya bilioni mbili.

Majirani wa namba yako nao wanachekesha. Aliye juu, 2147483648, ni mbili tupu zilizozidishana mara 31. Aliye chini, 2147483646, ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, mtu wa vigawo kila kona. Katikati yao tasa amekaa peke yake: namba tasa inayomtangulia ni 2147483629, pungufu kwa 18, na inayomfuata ni 2147483659.

Usimdharau huyo jirani wa chini, kwa sababu ndiye anayetupa matumizi mazuri kuliko yote ya namba yako kuwa tasa. Programu inapotaka namba za kubahatisha, kwa mfano kwa ajili ya mchezo wa kete, haina kete, inapiga hesabu. Kanuni mojawapo maarufu, waliyoipendekeza Park na Miller mwaka 1988, ni hii: chukua namba, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, baki ndiyo namba yako mpya. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, na kuendelea. Zinaonekana hazina mpango, lakini zina mpango mkali: utapita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, ndipo urudi kwenye 1. Mzunguko mrefu hivyo unawezekana kwa sababu kigawanyi ni tasa, na kwa sababu 7, ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe, inayapitia mabaki yote. Na 16807 ni 7⁵. Kwa nini kipeo cha tano kisiharibu mzunguko? Rudi utazame vigawo vya 2147483646: 5 haimo. Kwa vigawo hivyohivyo, 7³ ingekukatia safari katika theluthi. Walituachia hata cha kujipimia: ukianza na 1, baada ya hatua 10000 lazima upate 1043618065. Andika programu ya mistari mitano ujaribu. Ila usitengenezee nywila kwa njia hii, maana anayeona namba moja anajua inayofuata.

Nikuongezee moja ya kuchekesha wanahisabati. 31 yenyewe ni 2⁵ − 1, kwa hiyo namba yako ni Mersenne juu ya Mersenne. Mtu akaona, basi tupande tena: 2 kwa kipeo cha 2147483647, toa moja. Hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646; huwezi kuiandika, achilia mbali kuigawanya. Lakini si tasa, na kigawo chake kimoja kinaenea kwenye mstari mmoja: 295257526626031. Toa moja kwenye kigawo hicho, utapata 2147483647 × 137490. Sheria ileile ya Euler: p − 1 lazima iwe kigawe cha kipeo.

Nimalizie na 2038. Mifumo mingi ya zamani inahesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa, na inaziweka kwenye zilezile nafasi 32 zako. Sekunde ya 2147483647 itaangukia Jumanne, 19 Januari 2038. Kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, nafasi ya alama inageuka, namba inakuwa −2147483648, na saa ya mfumo huo inarudi Desemba 1901. Kompyuta na simu mpya nyingi zimeshahamia nafasi 64. Wewe hata hivyo unaandika mfumo wa mikopo. Katika MySQL aina ya TIMESTAMP inaishia kwenye sekunde hiyohiyo. Mwanachama akipewa mkopo wa nyumba wa miaka 15, tarehe ya kumaliza kulipa haitaingia. Tumia DATE au DATETIME.

Zile namba 40 usizitafute tena ndani ya hifadhidata, hazimo. Kilichoandikwa ni dari tu, mara 40. Omba daftari la mama uingize upya. Ukishamaliza, chukua kalamu umpime 1303 kama tulivyompima 311. Mimi nimepata baki 226.